Jostiki isiyosogea: uinunue, au kwanza utengeneze uliyonayo?

"Shikamoo fundi. Niko Mwanga, Kigoma. Nina jostiki ya mtumba ya springi, huu mwaka wa tatu. Jioni nikitoka kazini narusha F-16 kwenye DCS, ule mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za vita, na Jumapili naiga safari ya ndege ya abiria ya Dash 8 kutoka Dar kupitia Tabora mpaka huku kwetu. Shida yangu ni kwamba kijiti kikiwa katikati, bila kuguswa, pua ya ndege inatetemeka yenyewe. Nikimfukuza adui, pua inapita shabaha, nairudisha, inapita tena upande wa pili. Kujaza mafuta angani nimeshindwa kabisa. Rafiki kaniambia nitafute jostiki ya kuhisi nguvu, ile isiyosogea, kwamba ndiyo ya marubani wa kweli, na inaurudishia mkono msukumo wa hewa. Nimeweka akiba miezi minane. Meza yangu ni ya mbao ya kawaida, na kifundo cha mkono wa kulia huuma nikikaa muda mrefu. Ninunue, au nitatupa hela? Na nikitumia vipuri vya mizani, siwezi kujitengenezea mwenyewe?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umefunga mizigo minne kwa kamba moja: pua inayotetemeka, pua inayopita shabaha, mkono unaouma, na akiba ya miezi minane. Rafiki yako anaamini kifaa kimoja kitaimaliza yote. Hakitaimaliza. Tetemeko lako huenda likaisha kwa kopo moja la dawa ya kusafishia kontakti, na ningependa uanze na hilo kabla hujagusa akiba.

Mimi riziki yangu ni mizani. Hapa Tabora natengeneza mizani za kidijitali, za wauza asali na za wenye maduka, na msimu wa tumbaku ukifika ndiyo silali. Usiku kazi ikipungua narusha ndege kama wewe. Jostiki ya kuhisi nguvu na mizani ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo swali lako limenikuta nyumbani.

Nianze na hilo la kurudishiwa msukumo wa hewa. Hapo rafiki yako amechanganya vifaa viwili. Ipo jostiki yenye mota ndani, ambayo kweli husukuma mkono: ndege ikiongeza kasi kijiti kinakuwa kizito, ikikaribia kuishiwa hewa ya kuibeba kinatetema. Microsoft waliwahi kuuza ya namna hiyo, SideWinder Force Feedback 2, na siku hizi wapo Brunner wa Uswisi na Moza. Jostiki ya kuhisi nguvu haina mota hata moja. Haikusukumi, haitetemi, haikuletei habari yoyote kutoka kwenye ndege. Inachofanya ni kupima mkono wako unavuta kwa kilo ngapi na kuelekea upande gani, basi. Ukivunja bawa kwenye kioo, mkono hautajua.

Namna inavyopima utaiona kwenye mizani ya kidijitali ya muuza dagaa yeyote. Chini ya sahani kuna kipande cha alumini, upande mmoja kimefungwa kwa skrubu kwenye kitako, upande wa pili kimebeba sahani. Katikati kimetobolewa matundu mawili yaliyoungana, makusudi pawe pembamba. Hapo pembamba pamepakwa gundi laini inayovutika kama mpira. Nimeshaikwangua kwa ukucha kwenye mizani nyingi zilizokufa, na chini yake kila mara nakuta kikaratasi chembamba chenye njia ya chuma nyembamba kuliko unywele, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, kama mistari ya daftari. Kipande kile tunakiita lodi-seli, na kikaratasi ni streni-geji. Alumini ikipinda, hata kwa kiasi ambacho jicho halikioni, njia hiyo inavutwa, inarefuka kidogo, inakonda kidogo, na umeme unapita kwa shida zaidi kidogo. Hicho kidogo ndicho kinachoitwa kilo.

Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, walilifikia wazo hilo mwaka 1938, kila mtu kivyake. Kwa kuwa badiliko lenyewe ni dogo mno, geji nne hupangwa kwa umbo la almasi, mbili zinavutika wakati mbili zinabanwa, na kinachosomwa ni tofauti kati yake. Mpangilio huo Samuel Hunter Christie aliueleza mwaka 1833 na Charles Wheatstone akaupa umaarufu mwaka 1843, ndiyo maana hadi leo tunauita daraja la Wheatstone. Sasa shika namba hii, tutaihitaji mbele: lodi-seli nyingi za kilo 10, ukizipa volti 5, zikibeba kilo zote kumi hutoa milivolti 10 tu. Gramu 10 inakuwa sehemu kumi za milioni ya volti.

Badilisha sahani uweke mpini, badilisha dagaa uweke mkono, umepata jostiki ya kuhisi nguvu. Geji za upande mmoja zinapima kuvuta na kusukuma, za upande mwingine kulia na kushoto. Jostiki yako ya springi inapima kitu tofauti kabisa, yaani kijiti kimelala nyuzi ngapi. Ya springi inauliza mkono uko wapi. Ya nguvu inauliza mkono unavuta kiasi gani, na haijali uko wapi.

Kuhusu "marubani wa kweli", ukweli ni kwamba ni wa ndege chache, na iliyoipa umaarufu ni hiyohiyo F-16 yako. Wabunifu wake waliondoa vyuma na kebo kati ya kijiti na mkia, wakaweka kompyuta katikati. Rubani akivuta, kompyuta inasoma nguvu ya mkono na kuigeuza amri: nipe g, yaani mkandamizo wa mgeuko, kiasi hiki. Akisukuma pembeni: nigeuzie mabawa kwa kasi hii. Akiachia, ndege inaendelea ilivyo. Kijiti kisichobeba kebo wala chuma chochote hakina lazima ya kusafiri, kwa hiyo mwanzoni kilifungwa pembeni kulia bila kusogea hata kidogo.

Marubani walikiona kigumu. Wakati wa kupaa walivuta kupita kiasi, maana mkono haukupata alama yoyote ya kuuambia hapa inatosha. Ikabidi kiongezewe mchezo wa milimita chache, na F-16 hadi leo ina mchezo huo mdogo.

Kuna kisa kimoja nataka ukae nacho. Tarehe 20 Januari 1974, kwenye kambi ya Edwards huko California, rubani wa majaribio Phil Oestricher alikuwa akiikimbiza ardhini YF-16 ya kwanza, ndege ya majaribio iliyozaa F-16. Mpango wa siku hiyo haukuwa kuruka. Ndege ikaanza kulala kulia na kushoto, na kila alipoirekebisha ikalala zaidi upande wa pili, hadi mkia ukakwaruza lami na ndege ikaanza kuelekea nje ya njia. Akaona salama iko juu, akaipaisha, akakaa angani kama dakika 6, akatua. Kosa lilikuwa kwamba mfumo ulikuwa mkali mno kwa mkono: mguso mdogo ulileta jibu kubwa, na jibu lilipofika rubani alikuwa ameshatuma amri ya pili. Sasa soma tena maneno yako, "inapita shabaha, nairudisha, inapita tena". Ni ugonjwa uleule, na yeye aliupata akiwa ameshika kijiti kinachohisi nguvu. Kwa hiyo usinunue kijiti hicho ukidhani ndiyo tiba yake.

Ukitoka kwenye F-16, sababu za kukinunua zinapungua haraka. Airbus, zikiwemo A220 za Air Tanzania, zina kijiti cha pembeni, lakini kinasogea na ndani kina springi, kwa hiyo jostiki yako ya mtumba inafanana nacho kuliko hiyo unayoitamani. Dash 8 ya Jumapili zako ina yoki, usukani unaovutwa kuelekea kifuani. Cessna nayo ina yoki, na imefungwa kwa kebo mpaka kwenye mkia. Ndege za namna hiyo mkono wa rubani husoma vitu viwili kwa pamoja, umbali na uzito. Ukiziendesha kwa kijiti kisichosogea unafuta kimoja. Ile dakika ya mwisho ya kutua Kigoma, unaponyanyua pua taratibu huku kasi ikipungua, utakuwa unavuta kitu kama jiwe, hujui umefika robo au nusu, na huwezi kupumzisha mkono hata sekunde moja maana ukilegeza tu, pua inaanguka. Nimejaribu. Nilitua vibaya kwa wiki nzima kabla sijarudisha springi kwa ndege za abiria.

Haya, tetemeko. Jostiki nyingi za zamani hupima nyuzi kwa potenshiometa, poti kwa lugha ya mafundi, kile kifaa cha duara kama cha kuongezea sauti ya redio. Ndani kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Miaka ikienda, kaboni inachakaa pale kidole kinapokaa muda mwingi zaidi, na kwa jostiki pale ni katikati. Vumbi nalo likiingia, mambo ndiyo hayo. Lakini usiihukumu poti kabla ya kuipima. Kwenye Windows andika joy.cpl kwenye sehemu ya kutafutia, fungua sifa za jostiki, uone alama ya msalaba ndani ya kisanduku. Ondoa mkono kabisa. Msalaba ukicheza wenyewe, chomeka jostiki kwenye laptopu inayotumia betri, bila chaja, moja kwa moja bila habu ya USB. Ukitulia hapo, tatizo ni umeme wa nyumbani au habu, na jostiki ya laki ngapi sijui nayo ingetetemeka vilevile. Ukiendelea kucheza, ni poti.

Na kama msalaba umetulia tuli lakini pua kwenye DCS bado inacheza? Hilo nimelikuta mara nyingi kuliko unavyodhani. DCS hujipangia yenyewe mihimili, yaani kifaa kipi kiendeshe sehemu ipi ya ndege, kwa kila kifaa ilichokiona. Unaweza kukuta wenzo wa injini, pedali, au hata gemupedi uliyoisahau imechomekwa nyuma, nayo imepewa kazi ya kuinua pua. Vifaa viwili vinagombania mkia mmoja. Fungua ukurasa wa mihimili, tazama mstari wa kuinua pua na wa kulaza mabawa, futa kila kilichoandikwa hapo isipokuwa jostiki yako. Rudia kwa kila ndege, kwa sababu mipangilio ya F-16 haihamii kwenye ndege nyingine.

Ikithibitika ni poti, chomoa jostiki, fungua skrubu za chini, piga picha kwa simu kabla hujagusa waya. Poti ina tundu dogo au mwanya karibu na miguu yake mitatu. Puliza dawa ya kusafishia kontakti humo, ile ya mafundi wa redio inayokauka yenyewe, kisha zungusha kijiti pande zote mara ishirini au thelathini. Subiri ikauke ndipo uchomeke. Mafuta ya taa usiyapeleke huko, wala mafuta ya cherehani. Yatalainisha siku ya kwanza, na baada ya hapo yatakamata vumbi uanze upya. Poti ikiwa imekwisha kabisa, fundi redio yeyote aliyezoea kazi anaweza kukubadilishia, mradi mpya iwe na thamani ileile ya omu na shina la urefu uleule. Jostiki za sasa zinazosoma kwa sumaku hazina njia ya kaboni ya kuchakaa, na nikiambiwa nichague hatua moja ya kupanda kutoka ulipo, ningepanda hiyo kwanza kabla ya ile isiyosogea.

Pua kupita shabaha ni suala la ukali na la mkono. Kwenye ukurasa uleule wa mihimili kuna mkunjo. Weka 15 hivi kwenye kuinua pua na kulaza mabawa, na sehemu ya katikati isiyosikia mkono iwe 2 au 3, isizidi hapo. Mkunjo hupunguza ukali karibu na katikati, lakini ujue unaulipia pembeni, maana kinachopungua katikati kinaongezeka mwishoni. Ukiweka 40 utashangaa ndege inalala kama gogo kisha ghafla inaruka.

Dawa ninayoipenda zaidi ni bomba. Kama mkono wako uko sentimita 20 juu ya pale kijiti kinapojipinda, na kijiti kinalala nyuzi 20, mkono unasafiri kama sentimita 7. Ongeza bomba la sentimita 10 kati ya kitako na mpini, mkono unasafiri sentimita 10 na nusu kwa nyuzi zilezile. Umepata usahihi zaidi bila kugusa programu. Sharti ni kitako kishuke chini, katikati ya miguu au kwenye kistuli mbele ya kiti, la sivyo mpini utakufikia shingoni. Na springi itaonekana laini zaidi kwa sababu wenzo umerefuka. Kwa jostiki nyepesi ya plastiki sipendekezi zaidi ya sentimita 10, shingo yake itavunjika.

Kwa kujaza mafuta angani, F-16 hupokea kwa bomba gumu linaloshushwa na ndege kubwa, kwa hiyo kazi yako ni kukaa tu, bomba linakufuata. Fungua mlango wa mafuta mapema. Kwenye F-16 halisi, mlango ukifunguka kompyuta hubadili ukali na kuutumia ule wa kupaa na kutua, ambao ni mpole zaidi. Kisha macho yatoke kwenye bomba, yakae kwenye tumbo la ndege kubwa na taa zake za kukuelekeza. Anayelitazama bomba hulifukuza. Shika mpini kwa vidole vitatu, si kwa kiganja kizima.

Ukishafanya yote hayo, na bado moyo unataka isiyosogea, basi tupime mkono kabla ya kupima pochi. Huko Kibirizi wauza samaki wanazo mizani za ndoano zenye mshale. Azima moja kwa nusu saa. Ya mshale nasema, kwa sababu nyingi za kidijitali za kupimia mabegi hujifunga kwenye namba zikitulia. Funga ncha moja kwenye kitu kisichosogea, dirisha la chuma au mguu wa kitanda, kaa kwenye kiti chako, kiwiko kikiwa kimeegemea, shika ncha ya pili kama mpini. Vuta mpaka kilo 4, kaa hapo sekunde 20 ukitazama mshale. Halafu funga macho, mtu mwingine akusomee. Wengi macho yakiwa wazi hukaa kwenye 4 vizuri, wakifumba wanateleza hadi 3, wanapanda 5, bila kuhisi. Rudia kwa kilo 2, kisha kwa kilo 8. Kwenye F-16 halisi kuvuta hadi mwisho kunataka zaidi ya kilo kumi, na pigano la dakika tano lina mivuto mingi.

Jaribio hilo litakuambia ni uzito gani mkono wako unaweza kuushika kwa utulivu. Vitako vizuri vya kuhisi nguvu, kama FSSB R3 ya RealSimulator wa Hispania, vinakuruhusu kuchagua kilo ngapi zihesabiwe kuwa mwisho. Mwenye kilo 4 zilizotulia aanzie hapo, apande taratibu. Wanaoweka kilo zote za F-16 siku ya kwanza kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye ndege, ndio wanaoishia kufunga bandeji.

Hapo naingia kwenye kifundo chako, na hili nalitilia mkazo. Jostiki ya springi ikifika mwisho wa njia inakuzuia. Isiyosogea haina mwisho unaoonekana. Umeshafika asilimia mia, ndege haiwezi kukupa zaidi, nawe bado unavuta kwa sababu adui anatoroka. Mishipa ya kifundo ndiyo inayolipa. Kama sasa hivi, na springi laini, mkono unauma ukikaa muda mrefu, kwanza tafuta sababu: kiwiko kinaning'inia bila kuegemea, au kifundo kimepinda kwa ndani kwa kuwa kijiti kiko juu ya meza. Shusha kijiti, egemeza mkono wote kuanzia kiwiko, pumzika kila baada ya nusu saa. Maumivu yakiendelea zaidi ya wiki mbili, au ukiamka usiku vidole gumba, cha shahada na cha kati vikiwa na ganzi, usitafute tiba kwenye vifaa. Nenda hospitali ya Maweni ukaonane na daktari, umweleze unavyotumia mkono kazini na nyumbani. Mpaka akuruhusu, jostiki ya kuhisi nguvu isiingie kwako.

Meza yako ya mbao haitafaa. Springi yako inadai kilo moja au mbili, meza inavumilia. Kilo 8 zikivutwa sentimita 20 juu ya meza zinataka kuing'oa, na kama haijang'oka itayumba, na kila inapoyumba mkono unasoma uongo. Mpelekee fundi wa kuchomelea kiti chako chenyewe. Mwambie akuwekee bomba la mraba kutoka kwenye fremu ya kiti, upande wa kulia, likiwa na sahani ya chuma ya milimita 5 au 6 juu, na sehemu ya kuegemeza mkono nyuma yake. Kiti kiwe cha miguu minne, si cha magurudumu. Ukivuta, kiti na mkono vinavutana vyenyewe kwa vyenyewe, sakafu haihusiki. Baada ya kufunga mpini ndipo uweke sifuri kwenye programu, kwa sababu mpini wa chuma kama wa Thrustmaster Warthog una uzito wake, na kitako kikiwa kimeinama kidogo kitausoma kama mkono.

Kingine kinachotoka moja kwa moja kwenye kazi yangu: lodi-seli huhama na joto. Kwenye masoko ya tumbaku hakuna anayewasha mizani na kupima papo hapo, inaachwa ipate joto kwanza ndipo inawekwa sifuri. Chumba chako kama kina bati bila dari, mchana wa Septemba na usiku wake ni dunia mbili. Washa, subiri robo saa, weka sifuri, ruka. Usiweke sifuri mkono ukiwa juu ya mpini.

Kujitengenezea unaweza, na nilijitengenezea. Lodi-seli mbili za mizani zilizokufa kioo cha namba, sahani ya chuma, na ubao mdogo wa kompyuta. Kupima ilipima vizuri ajabu. Lakini chipu iliyo kwenye mizani nyingi za bei nafuu husoma mara 10 kwa sekunde, na ukiihamishia kwenye mwendo wake wa juu, mara 80. Kwa kilo ya mchele hiyo ni zaidi ya kutosha. Kwa ndege ni balaa, kwa sababu chipu hiyo pia hutaka usomaji wa mara nne kabla namba haijatulia: karibu nusu sekunde kwenye mwendo wa chini, sehemu ya ishirini ya sekunde kwenye mwendo wa juu. Mwendo wa chini nilikuwa Oestricher kila nilipogusa ardhi. Ukumbuke ile milivolti 10: huwezi kuipeleka moja kwa moja kwenye ubao wa kawaida, itazama kwenye kelele. Utahitaji kikuzaji cha haraka kilichotengenezwa kwa madaraja ya Wheatstone, waya fupi zenye ngao, na volti iliyotulia. Kama unapenda kuchomelea risasi na una subira, ni mradi wa kukufundisha mengi, na gharama yake ni ndogo. Kama unachotaka ni kuruka tu jioni, utachoka nao.

Kwa upande wa hela, kitako cha kununua ni mamia ya dola, na mara nyingi mpini hauhesabiwi humo. Juu yake weka usafiri, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ushuru utakaohusika, na kazi ya fundi wa kuchomelea. Uliza forodha kabla hujalipa, na umuulize muuzaji kwa maandishi nani anabeba gharama ya kurudisha kikifika kimeharibika. Kutoka Kigoma kurudisha kifaa Ulaya si jambo dogo. Na kama ndani ya akiba hiyo kuna ndoto ya kuwa rubani wa leseni, ujue saa za nyumbani hazihesabiwi, hata kijiti kiwe kimetoka kwenye F-16 yenyewe. Kinachokuja mapema zaidi ni uchunguzi wa afya kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Laki kadhaa zikae pembeni kwa ajili hiyo.

Mimi ningekuwa wewe, mwezi huu ningesafisha poti, ningefuta mihimili ya ziada, ningeweka bomba na kushusha kijiti. Ningeruka hivyo mpaka mkono ukae wiki sita bila kuuma. Ikifika hapo na hesabu ya saa zako inaonyesha F-16 imekula zaidi ya nusu, nunua, na jostiki ya springi usiiuze, iweke kwa ajili ya Dash 8. Ikiwa Jumapili zimezidi jioni za katikati ya wiki, akiba hiyo ipeleke kwenye yoki na pedali. Kabla ya lolote, niandikie mshale wa ile mizani ulisoma ngapi ukiwa umefumba macho, kwa kilo 2, kwa 4 na kwa 8.